Rudolf Virchow na neno lililonishinda kutafsiri

Wanafunzi wa Biolojia humjua Rudolf Virchow kwa jambo moja tu: kwamba ndiye aliyefundisha kuwa kila seli huzaliwa na seli nyingine iliyoitangulia. Wakishaliandika hilo katika karatasi ya mtihani na kupata alama yao, hawana haja naye tena. Siwalaumu. Hata mimi nilimtupa pamoja na madaftari yangu ya shule ya upili, nikaenda zangu kwenye isimu, ambayo ndiyo kazi inayonilisha hadi leo. Lakini kwa muda wa miaka miwili sasa nimerudi kumsoma bwana huyu kwa bidii ambayo sikuwa nayo nikiwa mwanafunzi. Sababu ni neno moja nililolitafsiri vibaya, na aliyelipia kosa hilo si mimi bali mama yangu mzazi.

Mama amevuka miaka 70. Ni mkulima na mjane wa mwalimu. Nilimpeleka hospitalini akapimwe, na ikabainika kwamba shinikizo lake la damu liko juu na damu yake ina lehemu nyingi kupita kiasi. Daktari, kijana mwenye adabu na foleni ndefu mlangoni, alitueleza kwa Kiingereza cha harakaharaka kwamba mishipa ya mama imeanza kujaa mafuta na kwamba ndani ya kuta za mishipa hiyo mna hali ambayo waganga wa Kizungu huiita kwa jina lenye asili ya Kilatini, jina lenye maana ya kuwashwa moto. Mama alinigeukia mimi, mwanawe msomi, nimfasirie. Nikamwambia kwamba mishipa yake ina mafuta na uvimbe.

Msomaji mwenye mama kijijini ameshaelewa nilichokifanya. Uvimbe ulio ndani ya mwili, usioonekana kwa macho, kwetu una maana moja tu, nayo ni saratani. Mama alirudi nyumbani akaanza kugawa kuku na kuwaonyesha ndugu zangu mipaka ya shamba. Ilipopita miezi miwili bila kitu chochote kuvimba, alifikia uamuzi kwamba daktari alikosea. Kisha jamaa yetu mmoja, mwalimu anayependa kusoma, akamweleza kwamba wataalamu wa ng'ambo wamegundua kuwa mafuta hayana hatia yoyote na kwamba mkosaji ni huo uvimbe. Basi mama akajiuliza, dawa ya kupunguza mafuta ni ya kazi gani? Akaiacha. Mwezi wa saba tangu aiache, asubuhi moja mkono wake wa kushoto ulikataa kuinua birika la chai. Kilikuwa kiharusi kidogo, tunamshukuru Mungu, lakini vidole viwili vya mkono huo havijakubali kufunga hadi leo.

Ndipo nilipoanza kuuliza ugomvi huu wa mafuta na uvimbe ulianzia wapi, na njia ikanifikisha Ujerumani ya karne ya 19.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, jimbo la Pomerania, ambalo wakati huo lilikuwa milki ya Prussia. Leo mji huo umo nchini Poland na unaitwa Świdwin. Alikuwa mtoto wa pekee wa mkulima ambaye pia alikuwa mtunza hazina wa mji. Inasemekana kwamba alitaka kuwa mhubiri lakini akaona sauti yake ni dhaifu mno kwa mimbari. Mwaka 1839 alipata nafasi katika chuo cha Berlin kilichowasomesha udaktari bila malipo vijana werevu wasiokuwa na uwezo, kwa masharti kwamba baadaye walitumikie jeshi. Walimu wanaosoma safu hii wanawajua vijana wa aina hiyo: yule anayefika chuoni na sanduku la bati na hasira ya kusoma. Mwaka 1843 alihitimu na kuingia katika hospitali ya Charité.

Hapo mkuu wake, Robert Froriep, alimpa kazi ya kuchunguza ugonjwa wa vena. Huko Paris, bingwa Jean Cruveilhier alikuwa ameeneza fundisho kwamba karibu kila ugonjwa una mzizi wake katika kuwaka kwa vena, na kwamba damu huganda ndani yake kwa sababu hiyo. Kijana Virchow alifungua maiti moja baada ya nyingine na kuona jambo tofauti. Aliona madonge ya damu yaliyoziba mishipa ya mapafu, na katika vena za miguu ya maiti hiyohiyo akaona madonge mengine yaliyoonekana yamekatika. Akatia vipande vya mpira na vitu vingine katika vena za mbwa, naye akavikuta mapafuni. Kumbe donge husafiri! Donge linaloganda mahali pake alilipa jina la thrombosi, na lile linalong'oka na kwenda kuziba kwingine akaliita emboli, majina yote mawili akiyachota katika Kigiriki. Sisi katika Kiswahili tungali tunayaita yote donge la damu, kisha tunashangaa kwa nini wanafunzi huyachanganya.

Mwaka 1845 alieleza habari za mpishi mmoja mwanamke, mwenye umri wa miaka hamsini hivi, ambaye damu yake ilikutwa imekuwa nyeupe. Huko Edinburgh, John Hughes Bennett alikuwa ameeleza mgonjwa kama huyo majuma machache kabla, akadhani ni usaha. Virchow alikataa. Alisema hakuna usaha wala mwako wowote, bali chembechembe nyeupe zenyewe zimezidi. Baadaye aliuita ugonjwa huo lukemia. Nayataja haya kwa sababu mtu ambaye leo anatajwa kama baba wa fundisho la mwako katika mishipa alianza kazi yake kwa kuuondoa mwako huo mahali ambapo haukuwa na haki ya kuwapo. Hakuwa mtu wa kulishika neno moja na kulipaka kila ugonjwa, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa vitabu vya lishe siku hizi.

Yaliyofuata ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zote, na wanafunzi wangu wameisikia hadi wamechoka. Mwanzoni mwa mwaka 1848 homa ya matumbwitumbwi, la hasha, nitaiita kwa jina lake, homa ya taifasi inayoenezwa na chawa, iliwaka katika Silesia ya Juu, eneo maskini lenye wachimba makaa na wakulima waliokuwa wameshakumbwa na njaa. Serikali ya Prussia, kwa kuogopa lawama, ilimtuma Virchow pamoja na afisa mmoja mkuu wakatazame. Alikaa huko majuma matatu hivi. Alikuwa na umri wa miaka 26. Serikali ilitarajia ripoti ya dawa na karantini. Alichokileta ni ripoti ndefu iliyosema kwamba ugonjwa ule umezaliwa na umaskini, ujinga, utepetevu wa serikali na ubwanyenye wa wenye ardhi, na kwamba tiba yake ni demokrasia, elimu kwa wote, barabara, kilimo bora, na kodi inayowabana matajiri badala ya maskini.

Ndani ya mapendekezo hayo limo moja ambalo lilinifanya niweke kitabu chini kwa muda. Wakazi wa Silesia ya Juu walikuwa wasemaji wa Kipolandi, ilhali walimu, mahakimu na madaktari waliotumwa kwao walisema Kijerumani. Virchow aliona kwamba mgonjwa na mtabibu wanatazamana kama viziwi. Akapendekeza Kipolandi kitambuliwe kuwa lugha rasmi ya eneo hilo, ili watu wafundishwe na kutawaliwa kwa maneno wanayoyaelewa. Daktari wa maiti, si mwanaisimu, ndiye aliyeyasema hayo mwaka 1848. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, cheti cha dawa cha mama yangu kiliandikwa kwa lugha moja tu, na wala haikuwa hiyo ya kwanza.

Siku chache baada ya kurudi Berlin, Machi 1848, mapinduzi yakazuka na Virchow akawa miongoni mwa waliojenga vizuizi barabarani. Alianzisha gazeti la kila wiki la kutetea mageuzi ya tiba, ambamo alishikilia kwamba udaktari ni elimu ya jamii na kwamba siasa si kitu ila udaktari wa umma mzima. Mapinduzi yalishindwa, gazeti likafa mwaka 1849, na yeye akafutwa kazi, kisha akarudishwa kwa masharti. Mwishoni mwa mwaka huo alikubali kiti cha uprofesa huko Würzburg baada ya kuahidi kwamba hatafanya mji huo kuwa uwanja wa siasa zake. Wapo wanaomlaumu kwa ahadi hiyo. Mimi ninayeishi kwa mshahara wa chuo sina la kumwambia. Mwaka uliofuata alimwoa Rose Mayer, wakajaliwa watoto sita.

Ni katika miaka hiyo ya utulivu ndipo alipoikazia macho mishipa. Kwa muda mrefu madaktari walikuwa wameona katika ateri za wazee na za watu waliokufa ghafla madoa ya manjano, magamba magumu, na ndani ya magamba hayo kitu laini kama uji. Uji ndilo neno lenyewe: jina la atheroma limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uji wa nafaka. Mwaka 1904, miaka miwili baada ya kifo cha Virchow, Mjerumani mwingine, Felix Marchand, aliliunganisha na neno lenye maana ya ugumu, tukapata jina aterosklerosisi, ambalo kwa Kiswahili cha kawaida ni uji uliokuwa mgumu. Lehemu nalo lina kisa chake. Ni kitu ambacho fundi wa bati hutumia kuungia vyuma, na wenzetu wa Tanzania wamelikopesha kwa mafuta haya ya damu. Sijui aliyelibuni alikuwa akifikiria nini, lakini picha ya bomba lililozibwa na risasi iliyoyeyuka si mbaya.

Je, uji huo ulifikaje mle? Huko Vienna, Carl von Rokitansky, aliyekuwa amefungua maiti kwa maelfu, alifundisha kwamba ni masalio ya damu yaliyotuama juu ya uso wa ndani wa ateri, kama ukoko unavyoshika chunguni. Virchow, katika maandishi aliyoyakusanya mwaka 1856, alipinga. Kwanza, alisema, uji hauko juu ya ukuta bali ndani yake, chini ya utando wa juu. Pili, kabla ya uji kutokea, ukuta huo huwa umevimba, umelainika na kujaa seli zinazozaana, yaani umo katika hali ya mwako wa muda mrefu. Mafuta aliyaona yanajipenyeza kutoka kwenye damu hadi katika ukuta uliokwisha kuathirika, na seli zinapokufa ndipo uji hupatikana. Alitofautisha kwa uangalifu kati ya madoa mepesi ya mafuta yaliyo juujuu, ambayo aliyaona si jambo kubwa, na ule ugonjwa wa kweli unaoanzia chini. Katika mihadhara yake ya mwaka 1858 aliendelea kuyapanga mafuta ya mwili katika mafungu: yale yaliyowekwa akiba, yale yanayopita tu kama abiria katika utumbo na ini, na yale yanayotokea seli inapooza. Ni mpango wenye akili nyingi kwa mtu ambaye hakuwa na kipimo chochote cha damu, ila darubini na macho.

Sasa nirudi kwenye neno langu. Warumi, kupitia Celsus, walitaja alama nne za mwako wa mwili: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Alama ya tano, kiungo kushindwa kufanya kazi yake, vitabu vingi humpa Galen, lakini waliochunguza maandishi ya kale hawakuikuta kwake, na wameifuatilia hadi kwa Virchow. Ona basi kosa langu. Uvimbe ni alama moja tu kati ya tano, nami nilimpa mama alama hiyo kama jina la kitu chote. Kamusi zetu zina neno mchochota, linalotokana na kule kuchochota kwa jipu au kidonda kinachowaka. Ni neno zuri, lenye moto na maumivu ndani yake, lakini limelala kamusini. Ni walimu wangapi wa sayansi wamewahi kulitamka darasani? Mimi mwenyewe, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha, halikunijia siku ile lilipohitajika.

Mwaka 1856 Berlin ilimwita arudi, ikamjengea taasisi yake. Tangu hapo maisha yake yanakuwa mapana kiasi kwamba msimulizi huishiwa na pumzi. Tangu mwaka 1859 alikuwa diwani wa Berlin hadi alipokufa. Mwaka 1861 alishiriki kuanzisha chama cha Maendeleo, akaingia katika bunge la Prussia na kumsumbua Bismarck hata mwaka 1865 kiongozi huyo akamtaka wapigane kwa silaha. Virchow alikataa, akisema hiyo si njia ya watu wastaarabu kujadiliana. Ile hadithi ya kwamba alichagua soseji mbili, moja yenye minyoo, kuwa silaha ya pambano ni tamu lakini haina ushahidi. Ushahidi uliopo ni kwamba alifanya utafiti mkubwa kuhusu minyoo wa nyama ya nguruwe na akapigania ukaguzi wa nyama. Alisukuma pia ujenzi wa mabomba ya majitaka ya Berlin, ulioanza mwaka 1873 chini ya mhandisi James Hobrecht. Mwaka 1863 alikuwa ameona chembechembe nyeupe ndani ya vimbe za saratani, akadokeza kwamba mchochota wa muda mrefu huandaa njia ya ugonjwa huo. Hilo nalo lilisubiri zaidi ya miaka mia kabla ya kutiliwa maanani.

Sitaki msomaji adhani namchora malaika. Fundisho lile la seli kuzaa seli lilikuwa limetangulia kuandikwa na Robert Remak, Myahudi wa Kipolandi aliyebaguliwa na vyuo vya Prussia, na Virchow hakumpa haki yake. Mafundisho ya Semmelweis kuhusu kunawa mikono hayakupata msaada kwake. Aliwatilia shaka waliosema vijidudu ndio chanzo cha magonjwa, na mfupa wa mtu wa kale wa Neanderthal aliuona mwaka 1872 akasema ni wa mgonjwa wa matege na baridi yabisi tu. Alisimamia uchunguzi wa rangi ya nywele na macho ya watoto wa shule zaidi ya milioni 6 wa Ujerumani, ambao matokeo yake ya mwaka 1886 yaliwaaibisha waliohubiri kuwapo kwa taifa safi, maana wenye nywele za shaba na macho ya buluu walikuwa chini ya theluthi moja. Hilo ni la sifa. Lakini huyohuyo aliwaomba wasafiri na maafisa wa makoloni wamtumie mafuvu ya watu, nayo yakaja kwa masanduku, bila ya wenyewe kuulizwa. Watu wa bara hili hawana sababu ya kulisahau.

Tarehe 4 Januari 1902, akiwa na umri wa miaka 80, aliruka kutoka kwenye tramu iliyokuwa bado ikienda katika barabara ya Leipziger mjini Berlin, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Hakupata kupona sawasawa. Alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huohuo, moyo ukiwa umechoka, na mji wa Berlin ukamzika kwa heshima. Aliacha jumba la maonyesho lenye vielelezo zaidi ya 20,000 na jarida alilolianzisha mwaka 1847, ambalo linachapishwa hadi leo kwa jina lake.

Baada ya kufa kwake, mchochota ulisahauliwa na mafuta yakatawala. Mwaka 1913 huko St Petersburg, Nikolai Anichkov na Semyon Chalatov waliwalisha sungura lehemu iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na ateri zao zikaota magamba kama ya binadamu. Anichkov mwenyewe aliona chembechembe nyeupe ndani ya magamba hayo, lakini waliomfuata walihesabu mafuta tu. Wala hawakuwa wamepotea. Mwaka 1994 utafiti wa Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kwamba dawa ya kupunguza lehemu ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Hiyo ni dawa ya jamii ileile ambayo mama aliitupa.

Kisha neno la Virchow likarudi. Mwaka 1999 Russell Ross wa Marekani aliandika kwamba aterosklerosisi ni ugonjwa wa mchochota. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupatwa na mshtuko wa moyo, ambao walipewa dawa inayozima mchochota bila kugusa lehemu hata kidogo. Mishtuko mipya na viharusi vilipungua kwa asilimia 15 hivi. Hapo ndipo wengi waliposhangilia kwamba mafuta yameachiliwa huru. Lakini wachache walisoma hadi mwisho: waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi kwa maambukizi, na idadi ya vifo kwa jumla haikubadilika kwa namna ya kutegemewa. Mwaka 2018 dawa nyingine ya aina hiyo, metotreksati kwa kipimo kidogo, haikusaidia lolote.

Kwa kadiri ninavyoelewa mimi nisiye daktari, kisa ni kimoja chenye mikono miwili. Vijimzigo vya lehemu hupenya ukuta wa ateri na kunasa humo. Ukuta huita walinzi, yaani chembe nyeupe za damu, ambazo humeza mafuta hadi kugeuka kuwa povu, kisha hufa na kuacha ule uji. Mchochota unaoendelea huulainisha utando uliofunika uji huo, nao ukipasuka, damu huganda juu yake, na hapo lile donge la Virchow hukamilisha kazi. Bila mafuta moto hauna kuni, na bila moto kuni hukaa tu. Mafuta yanayoganda, ya wanyama na ya mawese, huongeza lehemu hiyo mbaya. Mafuta ya majimaji ya mimea na ya samaki yakishika nafasi yake huipunguza, na yale yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni ndiyo mabaya kupita yote, kwani huongeza lehemu mbaya na mchochota pia. Hata kitambi si ghala la kimya. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya wanene kwamba mafuta ya mwili hutoa kemikali za mchochota zinazoizuia insulini kufanya kazi, na huo ni mlango wa kisukari.

Wanafunzi huniuliza kuhusu Wamaasai, nami hufurahi. George Mann na wenzake walichapisha mwaka 1964 kwamba Wamaasai wa Tanganyika, licha ya maziwa na nyama tele, walikuwa na lehemu ndogo katika damu. Mwaka 1972 alieleza maiti 50 za Wamaasai alizozichunguza: madoa na makovu yalikuwamo katika ateri zao, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka na magamba yaliyopasuka yalikuwa adimu. Watu hao walitembea mchana kutwa. Aliye na kitambi, anayekwenda dukani kwa bodaboda na kula chipsi zilizokaangwa katika mafuta ya juzi, asijifunike shuka lao jekundu. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika 1,000 hivi wa magharibi mwa Kenya, na hakuukuta ugonjwa ambao leo umejaa katika kliniki za eneo hilohilo. Damu yetu ni ileile ya hao waliopimwa. Kilichobadilika kiko nje ya damu, na Virchow angetaka kujua bei ya mafuta ya kupikia na ni nani anayeyauza.

Krismasi iliyopita niliketi na mama jikoni nikamweleza upya. Nilimwambia kwamba mishipa yake ina mchochota, kama kidonda cha ndani ya kiatu ambacho kila hatua hukitonesha, na kwamba mafuta ndiyo kokoto iliyomo kiatuni. Dawa ya jioni inaitoa kokoto, ili kidonda kipate nafasi ya kufunga. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia hivyo siku ile ya kwanza. Nilimjibu kwamba sikuwa na neno. Alinitazama kwa namna ambayo wazazi huwatazama watoto waliowauzia ng'ombe ili wasome. Sasa humeza kidonge chake kila jioni, akiinua kikombe kwa mkono wa kulia.